Rubani mgeni asikilize wenyeji kabla ya kupaa

KUNA marubani wanaoamini kuwa leseni iliyo mfukoni inatosha kumfungulia mtu anga popote aendapo. Hoja yao husikika kuwa ya haki. Mtu amesoma, ametahiniwa, amepimwa afya, saa zake za kuruka zimeandikwa katika daftari, na serikali imepiga muhuri. Iweje basi afike kwenye kiwanja kidogo cha nyasi, chenye kibanda kimoja na kifuko cha upepo kilichopauka kwa jua, kisha aambiwe na mzee mmoja aliyevaa kofia ya makuti kwamba hataruka mpaka asikilize maelezo, na pengine mpaka aruke kwanza na mwalimu wa hapo? Wengi huona huko ni kudharauliwa. Mimi naona mzee huyo ana haki, na kwamba kiwanja kisicho na mzee kama huyo ndicho cha kuogopwa.

Nazungumzia hasa viwanja vya ndege zisizo na injini, zile ziitwazo glaida. Msomaji ambaye hajawahi kuiona glaida amfikirie tumbusi. Ina mabawa marefu na membamba, mwili mwembamba vilevile, gurudumu moja kubwa chini ya tumbo, na haina rafadha wala tangi la mafuta. Huvutwa hadi juu, ama kwa kamba nyuma ya ndege yenye injini, ama kwa waya unaozungushwa na winchi, kisha huachiwa. Kutoka hapo rubani huishi kwa kutafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Akiipata huzunguka ndani yake na kupanda nayo, sawasawa na wafanyavyo tumbusi wa Maasai Mara jua linapokolea asubuhi.

Mchezo huu si mgeni kwetu kama inavyodhaniwa. Kenya ilikuwa na klabu ya glaida yenye makao yake Mweiga, karibu na Nyeri, na vitabu vya kuwaongoza watalii viliitaja miongoni mwa mambo ya kufanya katika eneo la Aberdare. Aidha, mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye akafanya utafiti Serengeti, alitumia glaida yenye injini ndogo ya kuzimwa angani kuwafuata tumbusi na korongo, ili ajue wanavyosafiri masafa marefu bila kupiga mabawa. Na katika miezi ya kiangazi ya mwanzo wa mwaka, wageni kutoka Ulaya huja bonde la Kerio, karibu na Iten, kuruka kwa miavuli ya paraglaida kutoka ukingo wa Elgeyo. Kwa hiyo suala la mgeni anayekuja kuruka katika anga ya wenyewe lipo hapa hapa kwetu, na si la Ulaya peke yake.

Tuanze na tofauti kubwa. Rubani wa ndege yenye injini akikosea hesabu zake za kutua ana dawa. Huongeza mafuta, injini hunguruma, ndege hupanda tena, naye huzunguka akajaribu mara ya pili. Mwenye glaida hana dawa hiyo. Akishaanza kushuka ili atue, atatua. Suala ni wapi tu. Akikuta ndege ya mgeni imeegeshwa katikati ya nyasi na mwenyewe anapiga picha ya mlima, au gari la mgeni linakata kiwanja kuelekea msalani, hana pa kurudi. Ndiyo maana mambo ambayo katika kiwanja kingine yangekuwa ya adabu tu, hapa ni ya uhai.

Chukua mfano wa waya. Winchi huwekwa mwisho mmoja wa kiwanja na glaida mwisho wa pili, na kati yao hutandazwa waya wenye urefu wa kilomita moja au zaidi. Winchi ikianza kuvuta, glaida huinua pua na kupanda kama tiara ya mtoto anayekimbia. Haichukui hata dakika moja kufika futi elfu moja juu ya kiwanja, na pengine zaidi. Wakati huo waya umesimama angani karibu wima, na unene wake haufikii wa penseli. Rubani aliye katika ndege inayokwenda kilomita 180 kwa saa hawezi kutarajia kuuona kwa wakati. Bawa litakalougonga halitabaki salama, na glaida iliyo mwisho wa pili wa waya huo nayo haitabaki salama.

Sasa mfikirie mgeni aliyefundishwa, tena akafundishwa vizuri, kwamba akifika kwenye kiwanja asichokijua apite kwanza juu yake, futi elfu mbili hivi, atazame kifuko cha upepo, ajue ni upande gani unaotumika kutua, ndipo ateremke na kuingia katika mzunguko. Huko alikotoka hiyo ni alama ya rubani makini. Kwenye kiwanja cha winchi ni kujipeleka mdomoni mwa mamba. Hakuvunja sheria yoyote aliyofundishwa. Hakuambiwa tu kwamba hapa haitumiki. Uingereza, ambako viwanja vya glaida ni vingi, ramani za marubani huvionyesha kwa alama maalum pamoja na kimo ambacho waya unaweza kufika. Lakini ramani husaidia tu mtu aliyeifungua.

Kwa hiyo agizo la kwanza la mwenyeji ni lile ambalo wageni huliona la kiburi: piga simu kabla hujaondoka kwenu, omba ruhusa, na usipite juu ya kiwanja. Njoo kwa kando, upande utakaoambiwa, tangaza kwa redio ulipo, usubiri. Na usipojibiwa usidhani hakuna mtu. Kwenye viwanja hivi aghalabu hakuna mwongoza ndege mnarani. Yule ambaye angekujibu huenda wakati huo ameshika bawa badala ya kipaza sauti. Ukiwa na shaka, kaa mbali kilomita kadhaa mpaka uone kinachoendelea, au nenda kiwanja kingine. Mafuta ya kwenda kiwanja kingine ndiyo mafuta ambayo mgeni mwenye busara huja nayo.

Kuhusu nani ampishe nani, ulimwengu ulikwisha kukubaliana zamani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege za Kiraia, ICAO, zinaitaka ndege yenye injini iipishe glaida, na glaida nayo ilipishe puto. Ndege mbili zikija kutua pamoja, iliyo chini hutangulia, ila bado yenye injini huipisha isiyo nayo. Mambo haya kila rubani ameyasoma. Tatizo ni kwamba huwezi kukipisha usichokiona. Glaida za kisasa karibu zote ni nyeupe, kwa sababu mabawa yake yametengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ambazo hulegea zikipata joto kali, na rangi nyeupe hulirudisha jua. Ukiitazama kutoka mbele, ikiwa na wingu jeupe nyuma yake, ni mstari wa kalamu tu.

Tarehe 14 Juni, 2009, katika anga ya Oxfordshire nchini Uingereza, ndege ndogo ya mafunzo ya jeshi la anga iligongana na glaida, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri. Rubani wa glaida aliruka kwa mwavuli akapona. Mwalimu na kijana kadeti waliokuwa katika ile ndege yenye injini walikufa wote wawili. Tangu mwaka wa 2004 kumekuwa na kifaa kilichobuniwa Uswisi, FLARM, ambacho huwapigia kelele marubani wa glaida zinapoelekea kugongana. Ni kifaa kizuri na kimeenea sana. Hata hivyo hakimtambui mgeni ambaye hanacho chochote cha kutangaza alipo, na mgeni huyo naye hajui kwamba wenzake wanakitegemea. Hilo nalo ni la kuambiwa chini, kabla ya kupaa.

Hapa nyumbani pia tumeonja. Tarehe 5 Machi, 2024, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani na Cessna ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya ile ya abiria kuondoka Wilson. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walifariki. Ile nyingine ilirudi ikatua. Hapakuwa na glaida wala mgeni katika ajali hiyo. Zote mbili zilikuwa ndege zilizoizoea anga ya Wilson, palipo na mnara na waongoza ndege. Ikiwa hayo hutokea penye mnara, sembuse kwenye nyasi zisizo na mnara, ambako mmoja hana injini, mwingine hana redio, na wa tatu ndiyo mara yake ya kwanza kufika?

Kuna kisa cha Kanada ambacho marubani hukisimulia kwa ushujaa wake, nami hukipenda kwa sababu nyingine. Tarehe 23 Julai, 1983, Boeing 767 iliyokuwa na watu 69 iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani, kwa kuwa hesabu za kujaza mafuta zilichanganya ratili na kilo. Nahodha alikuwa pia rubani wa glaida. Aliishusha ndege hiyo kubwa bila injini, akaitua, na hakuna aliyekufa. Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa sana ni kuhusu kiwanja chenyewe. Rubani msaidizi ndiye aliyekipendekeza, Gimli katika jimbo la Manitoba, kwa sababu aliwahi kutumikia jeshi la anga hapo. Asichokijua ni kwamba kambi ilikwisha kufungwa, na sehemu ya njia ile ya ndege ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari. Siku hiyo kulikuwa na magari, familia zao, na watoto waliokuwa wakiendesha baiskeli pale pale ndege ilipokuwa ikielekea. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ya miaka iliyopita. Wale watu walinusurika kwa kudra. Basi hata mgeni aliyewahi kufika hapo zamani bado ni mgeni, na apige simu kama wengine.

Wapo pia wageni ambao hawaji na ndege zao, bali wanakuja kuruka glaida za klabu. Hawa ndio hukasirika zaidi wanapoambiwa waruke kwanza na mwalimu. Ngoja nieleze kwa nini hilo si usumbufu. Waya hukatika. Wala si jambo la ajabu. Umewekewa makusudi kiungo dhaifu ambacho hukatika kabla mabawa hayajaelemewa, na viungo hivyo hupakwa rangi mbalimbali kulingana na nguvu zake, ili mwenye glaida ataje rangi inayomfaa kabla hajafungwa waya. Ukikatika glaida ikiwa chini, rubani hushusha pua mara moja na kutua mbele yake. Ukikatika akiwa juu sana, ana nafasi ya kuzunguka na kurudi kama kawaida. Balaa liko katikati, pale ambapo mbele pamekwisha na nyuma hapajafikika.

Kimo cha hapo katikati hakimo katika kitabu cha mitihani. Hutegemea urefu wa kiwanja, nguvu za upepo wa siku hiyo, mti ulio mwisho, mteremko, na shamba la jirani kama limelimwa au lina ng'ombe. Rubani mwenye saa elfu tatu za Ulaya hayajui hayo, na mwanafunzi wa miezi sita wa hapo anayajua. Ndiyo sababu klabu nyingi humwambia mgeni, hata awe nahodha wa ndege kubwa za abiria, akae mbele na mwalimu akae nyuma. Na mwalimu huyo, bila kumwonya, huuachia waya wakiwa katikati ya kupanda ili aone mgeni atafanya nini. Nahodha akikasirika, na akasirike akiwa ardhini mzima.

Kwa nyanda zetu za juu maelezo ya mgeni yanapaswa kuwa marefu kidogo kuliko ya Ulaya, na hapo wenyeji wasione haya kurudia. Kiwanja kilicho futi 6,000 juu ya bahari, kimo cha viwanja vya maeneo kama Nanyuki, kina hewa nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na turbo hutoa hapo kama asilimia 80 tu ya nguvu zake za pwani. Ndege ya kuvuta ambayo kwenye nyanda za chini ingepaa kwa madaha, hapa hukokota mpaka karibu na ua. Kipimo cha kasi nacho humfanyia rubani mzaha. Kikisoma kilomita 100 kwa saa, glaida kwa kweli inakwenda 110 au zaidi, na siku ya joto kali huzidi hapo. Itagusa nyasi ikiwa na kasi kubwa zaidi na itahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama.

Hilo la kusimama mgeni hulielewa upesi. Lililo baya ni jingine. Mgeni aliyezoea kupima kasi kwa macho, kwa kutazama ardhi ikimpita, ataona hapa anakwenda mbio mno. Atavuta mkono apunguze. Kipimo kilikuwa sahihi kwa mabawa, macho ndiyo yaliyopotoka. Akiipunguza glaida kasi akiwa katika kona ya mwisho, mita mia moja juu ya ardhi, mabawa yatakosa hewa ya kuyabeba na ndege itaanguka ikijizungusha. Sentensi moja kutoka kwa mwenyeji, "hapa amini kipimo, usiamini macho", yaweza kumwokoa.

Halafu kuna jua. Rubani wa Ulaya ya kaskazini katika mwezi wa Juni huwa na jioni isiyokwisha. Huweza kuruka hadi saa tatu za usiku na bado akaona. Ikweta inapita karibu na Nanyuki. Huku jua huzama saa kumi na mbili unusu hivi, mwaka mzima, na giza halingoji mtu amalize chai. Mgeni aliyeko kilomita 60 kutoka kiwanjani saa kumi na mbili kasorobo, akijiambia kwamba bado mapema, yuko matatani na hajui.

Mawingu nayo yana desturi zao. Mlima Kenya huwa wazi alfajiri na hujifunika kabla ya adhuhuri. Msimu wa mvua, dhoruba za alasiri hukua kutoka wingu dogo la kupendeza hadi ngurumo kwa muda ambao mgeni alikuwa akilishangilia kwa kumpandisha. Na upepo wa mashariki ukigonga mlima, hewa ya upande huo hupanda, ile ya upande wa pili hushuka kwa nguvu. Mwenyeji anajua ni bonde lipi la kuepukwa saa nane mchana. Mgeni ataliona tu kuwa bonde zuri.

Nisisahau wanyama. Glaida ikikosa hewa ya kupanda hutua popote penye nafasi, na Ulaya jambo baya kuliko yote huwa ni mkulima wa ngano mwenye hasira. Kwa mtu anayeruka kutoka Mweiga, magharibi yake ni msitu wa Aberdare wenye ndovu na nyati, uliozungushiwa ua wa umeme wa kilomita kama 400 uliokamilika mwaka wa 2009, na jirani yake kuna Solio, ranchi inayosifika kwa vifaru. Mgeni aliyetua salama ndani ya ua kama huo asiharakishe kushangilia. Aambiwe mapema ni nani wa kupigiwa simu, abaki kando ya ndege yake, na asianze safari ya miguu kutafuta barabara.

Lakini hatari kubwa kuliko ndovu ni sisi wenyewe tulio chini. Viwanja vyetu vingi vya nyasi ndiyo njia ya mkato ya kwenda sokoni, ndiyo malisho wakati wa ukame, na ndiyo uwanja wa kandanda wa watoto wakitoka shule. Watu wamezoea kuondoka wakisikia ngurumo. Glaida haina ngurumo. Mama aliyebeba kuni mgongoni hataisikia mpaka iwe imempita, na rubani wake, kama nilivyosema, hawezi kupanda tena akazunguka. Mgeni anayetoka kwenye kiwanja chenye ua na lango hajawahi kulifikiria hili hata siku moja. Aambiwe wazi kwamba mwisho wa mashariki kuna njia ya miguu, kwamba saa kumi watoto hupita, kwamba ng'ombe wa jirani hurudi saa kumi na moja. Aidha majirani nao waambiwe ni siku gani glaida zinaruka. Kijana mwenye kibendera kila mwisho wa kiwanja anagharimu kidogo mno ukilinganisha na mazishi.

Nisiwaelemee wageni peke yao, maana wenyeji nao wana lawama. Zipo klabu zinazompa mgeni kijitabu kinene, kilichonakiliwa kutoka nchi nyingine, kisha zikamtaka atie sahihi kuwa amekisoma. Hiyo ni kinga ya mwanasheria. Mgeni aliyesafiri usiku kucha atatia sahihi chochote. Kinachofaa ni ukurasa mmoja wenye tarehe ya mwezi huu, mchoro wa kiwanja uliochorwa na mtu anayekitembea kila siku, na nusu saa ya kuongea, mkitembea pamoja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mgeni aonyeshwe shimo la mhanga. Aonyeshwe waya unapopita, na afundishwe kwamba mbele ya waya uliotandazwa hapapitwi hata kama winchi imenyamaza. Kisha yeye ndiye aulizwe: waya ukikatika ukiwa kimo cha ule mti mara tatu, unakwenda wapi? Jibu lake litaonyesha kama alisikia.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya serikali, kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ndiyo hutambua leseni za wageni, na iliyemkubali amekubalika. Sikubaliani. Mamlaka inaweza kuthibitisha kwamba mtu ni rubani. Haiwezi kuthibitisha kwamba anajua ng'ombe wa jirani hurudi saa ngapi. Kazi hizo ni mbili, na ya pili haina mtu wa kuifanya isipokuwa anayeishi hapo. Vilevile mwenyeji awe na uwezo wa kukataa, bila kuandikiwa barua za malalamiko na bila kuambiwa anafukuza watalii. Mtu anayemkatiza mwenyeji kila mara kwa "nalijua hilo" ameshatoa sababu ya kutosha ya kunyimwa ndege.

Uwezo huo, hata hivyo, una mpaka. Safari ya kumpima mgeni isigeuzwe kitega uchumi, akarudishwa mara tatu nne ili alipe mara tatu nne. Wala isiwe namna ya kuwazuia vijana wa hapa wasiingie katika mchezo ambao tayari unaonekana kuwa wa matajiri. Bei itangazwe kabla, na anayeshindwa aelezwe alishindwa nini. Klabu inayoficha sababu zake itafanya wageni waanze kuchukulia kila agizo kuwa ujanja, hata lile la waya.

Kuna neno moja ambalo ningetaka liandikwe kwa herufi kubwa juu ya ukurasa ule. Katika mchezo huu yeyote aliye kiwanjani akiona hatari ana haki ya kupaza sauti kusimamisha mrusho: mwalimu, mwanafunzi, mgeni aliyeleta chai, mtoto. Haulizwi cheo. Kila kitu husimama kwanza, maswali baadaye. Sasa huku kwetu anayeshika bawa mara nyingi atakuwa kijana wa kijiji cha jirani, aliyeajiriwa kwa siku. Akimwona ndama akichomoka vichakani hatatafuta Kiingereza wala Kijerumani. Atasema "Simama!" Mgeni aliyefika jana kutoka Munich hajawahi kulisikia neno hilo, na kwa sekunde mbili atadhani anasalimiwa. Basi afundishwe kabla ya kufunga mikanda, alitamke mwenyewe kwa sauti mbele ya kijana yule, na kijana naye aambiwe mbele ya mgeni kwamba hatafokewa, hata kama ndama aligeuka na kurudi alikotoka.